Uwanja mmoja wa ndege, wakubwa wawili: jibu kwa msomaji wa Lanet

Msomaji wa Lanet, Nakuru, ameniandikia hivi:

"Mzee, pokea salamu zangu. Nina ploti karibu na kambi ya jeshi, na nilipanga kujenga vyumba vya kupangisha, nyumba ya chini na ghorofa mbili juu yake. Tangu habari za kujengwa uwanja wa ndege wa abiria hapa Lanet zianze, majirani wamegawanyika. Wengine wanasema tutatajirika. Wengine wanasema uwanja ukikaa ubavuni mwa kambi, sisi raia tutakuwa wageni kwenye uwanja wetu. Kijana wa jirani yangu aliwahi kuwa mpishi kambini Jibuti, anasema wenyeji kule wamechoka na ndege za majeshi. Je, ni lazima uwanja wa pamoja uzae chuki? Nani huamua ndege ipi itangulie? Na mimi nijenge au nisubiri?"

Dada yangu, salamu zimefika. Nitaanza na swali la pili, maana ndilo lililonilisha. Nimekuwa mwongoza ndege karibu miaka thelathini, na mingine kati ya hiyo niliimaliza kwenye viwanja ambavyo raia na jeshi wanagawana lami moja. Tukielewana hapo, mengine yatakuwa mepesi.

Foleni ya angani si ngumu kuielewa. Ndege yenye hitilafu hutangulia, hiyo haina mjadala. Ifuatayo ni iliyobeba mgonjwa, au inayotafuta watu waliopotea. Baada ya hapo aliyefika kwanza hutua kwanza, awe amebeba wabunge au makatoni ya vifaranga. Rubani wa jeshi anayerudi kutoka mazoezini hana cheo ndani ya foleni hiyo, isipokuwa amepewa kwa maandishi.

Na hapo kwenye maandishi ndipo penye shida. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani na Kenya imo ndani yake, unahusu ndege za raia tu. Ndege za jeshi, polisi na forodha umeziita ndege za dola na kuziacha kando. Kila nchi inatakiwa tu kuhakikisha kwamba ndege hizo hazihatarishi za raia. Ni kifungu cha tatu, mistari michache, na kwa mistari hiyo michache nimewahi kukosa usingizi. Kwa sababu mkataba mkubwa umenyamaza, pengo hujazwa na karatasi ndogo ya pale pale uwanjani: makubaliano kati ya mkuu wa kambi na wenye mnara wa kuongozea ndege. Humo ndimo huandikwa mazoezi yatakuwa saa ngapi, ndege za jeshi zitapita upande gani na kwa kimo gani, nani atafunga njia ya kurukia na kwa muda gani, nani atazima moto ajali ikitokea, na nani atampigia nani simu.

Simu hiyo nina kisa nayo. Miaka ya tisini nilipelekwa kwenye uwanja mmoja wa kaskazini ambao nusu yake ilikuwa ya kambi. Asubuhi moja kambi ilituambia kwamba njia ya kurukia itafungwa kwa dakika kumi. Ikapita nusu saa. Juu yetu kulikuwa na ndege ya abiria inazunguka, mafuta yanapungua, na mwishowe rubani akaamua kurudi Nairobi. Ndani yake mlikuwa na familia iliyokuwa ikija kuzika. Kesho yake watu walisimama nje ya uzio wakiwarushia askari wa lango maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ukweli wa mambo? Wanajeshi walikuwa wamemaliza shughuli yao kwa dakika kumi na mbili. Walikuwa wakisubiri sisi tuwaulize kama wamemaliza, na sisi tulikuwa tukisubiri watuambie. Ile simu ya moja kwa moja kati ya mnara na kambi ilikuwa imekufa wiki tatu. Haikutengenezwa kwa sababu sisi tulidhani ni mali ya kambi, na kambi ilidhani ni mali yetu.

Basi ukisikia watu wanasema "jeshi limetunyima uwanja", usikubali wala usikatae haraka. Uliza kwanza simu ni ya nani.

Sasa Jibuti. Kijana wa jirani yako hakudanganya, ila jikoni huoni mambo yote. Uwanja wa Ambouli una njia moja tu ya kurukia, ya kilomita tatu na kidogo. Upande mmoja hushuka abiria. Upande wa pili ipo kambi ya Lemonnier, iliyojengwa na Wafaransa na ambayo Wamarekani waliingia baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Wafaransa wenyewe bado wana kituo chao cha anga hapo hapo, na mwaka 2011 Wajapani wakafungua kambi yao pembeni, ya kwanza kwao nje ya nchi tangu Vita Kuu ya Pili. Wote hao ni lami moja. Na anayewapa kibali cha kutua ni raia wa Jibuti aliyeketi mnarani.

Mwaka 2015 gazeti la Washington Post lilitoa habari zilizotoka kwenye ripoti za Wamarekani wenyewe. Walilalamika kwamba waongoza ndege wa Ambouli wanasinzia kazini, wanatafuna miraa zamuni, na kwamba wanawazungusha marubani wa Kimarekani angani kwa makusudi. Mimi simtetei anayelala mnarani. Angekuwa zamu yangu ningemfukuza kabla hajamaliza kupiga miayo. Lakini nilijiuliza swali ambalo wanaolalamika hawakuliuliza: mtu huyu aliyeamua kumzungusha mgeni angani, alianzaje?

Fanya hesabu nami. Ndege ya abiria ya injini za jeti inakaribia kutua kwa mwendo wa karibu kilomita 260 kwa saa. Droni ya aina ya Predator, hiyo ndege isiyo na rubani ndani, inakuja kwa karibu kilomita 130. Kwa kilomita 20 za mwisho, ya abiria itatumia dakika kama nne na nusu. Droni itatumia tisa na zaidi. Kila droni moja unayoiingiza kwenye foleni inakula nafasi ya jeti mbili. Tena anayeiendesha hayumo ndani yake, hawezi kuchungulia dirishani akakwambia "nimeiona ndege iliyo mbele yangu". Sasa ziweke droni hizo kadhaa kwa siku, usiku na mchana, pamoja na ndege za mizigo za majeshi matatu, halafu Airbus ya abiria inaomba nafasi. Kazi ya mwongoza ndege imeongezeka mara mbili, na mkubwa aliyeiongeza si yule anayemlipa mshahara. Mwaka 2014 Marekani ilikubali kulipa karibu dola milioni 63 kwa mwaka kwa ajili ya kambi ile. Hizo ni za hazina ya serikali. Aliye mnarani hupata foleni.

Juu ya foleni kukawa na ajali. Droni kadhaa zilianguka kuanzia mwaka 2011, moja karibu na makazi ya watu, na Februari 2012 ndege ndogo ya jeshi la Marekani yenye watu ndani ilianguka kilomita chache kutoka uwanjani, wakafa wanne. Serikali ya Jibuti ikaingiwa na wasiwasi, na Septemba 2013 droni zikahamishiwa Chabelley, kiwanja cha jangwani kama kilomita kumi kutoka mjini. Utaona kwamba dawa iliyotumika haikuwa semina ya kupatanisha wenyeji na wageni. Walitenganisha mwendo wa polepole na mwendo wa kasi. Ila ilichelewa: habari zile za kulalamikiana zilitoka gazetini zaidi ya mwaka mmoja baada ya droni kuondoka. Chuki ikishaingia mnarani haitoki na ndege.

Hata sisi tuliwahi kuyapitia. Kabla ya uwanja wa Embakasi kufunguliwa Mei 1958, abiria wa Nairobi walikuwa wakitua Eastleigh, pamoja na ndege za kivita za Waingereza. Usafiri ulipokua, raia wakahamishwa na Eastleigh ikabaki ya jeshi hadi leo. Wajir nako ni uwanja wa jeshi la anga unaopokea abiria wa kawaida, na kwa miaka mingi ndege zilizotoka Mogadishu zililazimika kusimama hapo zikaguliwe kabla ya kuendelea Nairobi. Kwa watu wa Wajir huo ni mlango wao wa kwenda hospitali kubwa za Nairobi, kwa hiyo hutasikia mtu akisema jeshi liondoke. Utasikia akisema lango lifunguliwe mapema.

Lanet si Ambouli. Majirani zako ni jeshi letu wenyewe, si mataifa matatu, na hakuna pango la kambi la mamilioni ya dola linalogombaniwa. Lakini Lanet ina mambo yake, na haya ndiyo ningependa yasemwe barazani badala ya habari za kutajirika.

La kwanza ni kimo. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyembamba, injini inapata nguvu kidogo, mabawa nayo yanahitaji mwendo mkubwa zaidi ili kuibeba ndege. Kwa hiyo ndege iliyojaa hutumia lami ndefu, na ikishanyanyuka hupanda polepole. Maana yake kwa aliye chini ni kwamba kelele inakaa juu ya paa lake muda mrefu kuliko ingekaa Mombasa. Ndege ya mizigo ya jeshi ikifanya mazoezi ya kugusa lami na kupaa tena bila kusimama, inaweza kupita juu ya nyumba ile ile mara nane kwa saa moja. Ndege mbili au tatu za abiria kwa siku hamtazisikia. Mazoezi mtayasikia. Ndiyo maana saa za mazoezi ni jambo la kuandikwa, na la kuandikwa hasa ni usiku.

Usiku una wenyewe vilevile. Korongo, heroe na ndege wengine wa Ziwa Nakuru hamkosi kuwaona mchana, lakini heroe wanapohama kutoka ziwa moja hadi jingine husafiri zaidi gizani. Mwongozo wa kimataifa hutaka watu wawe macho na chochote kinachovuta ndege wa porini ndani ya kilomita 13 kutoka uwanjani, na ziwa lenu limo. Rubani wa jeshi anayeruka chini chini usiku ana hatari kubwa zaidi kuliko wa abiria anayeshuka kwa mstari ulionyooka. Hili hata wanajeshi wenyewe watalisikiliza, maana ni shingo zao.

Nakuru hamhitaji kuelezwa ajali ya ndege ya jeshi ni nini. Aprili 2006 ndege ya jeshi la anga aina ya Y-12 ilianguka Marsabit ikiwa na viongozi waliokuwa wakienda kwenye mkutano wa amani. Walikufa watu 14, mmoja wao Mirugi Kariuki, mbunge wenu wa Nakuru Mjini. Naitaja kwa sababu moja tu. Ndege ya raia ikianguka, zipo kanuni za kimataifa zinazotaka uchunguzi ufanywe na ripoti itolewe. Ndege ya jeshi haimo katika kanuni hizo. Jeshi hujichunguza lenyewe. Kwenye uwanja wa pamoja, ndege ya aina moja inaweza kuparuza uzio na mkasoma kila kitu, ya aina nyingine ikaparuza uzio ule ule msisome lolote. Watu hawachukii mlipuko kama wanavyochukia ukimya unaofuata.

Mwingine ataleta habari ya ugaidi: kwamba ndege za jeshi zikikaa na abiria, uwanja unakuwa shabaha. Januari 2020 kiwanja cha Manda, Lamu, kinachotumiwa na Wamarekani na jeshi letu kilishambuliwa, wakauawa Wamarekani watatu na ndege zikateketea. Nisikufiche, hatari hiyo ipo. Ila ninyi mmeishi na kambi tangu kabla ya uhuru; wazee wa hapo wanakumbuka maasi ya askari wa Lanet ya Januari 1964. Kama ni shabaha, uwanja wa ndege haukuanzisha jambo jipya. Sitaki kulikuza zaidi ya hapo.

Ardhi ndiyo ingenikosesha usingizi kama ningekuwa na ploti huko. Nimefanya kazi Kisumu, na naweza kukwambia kwamba pale hakuna jeshi la kulaumiwa, lakini uchungu ulikuwepo wa kutosha. Uwanja ulipopanuliwa na njia ya kurukia kufikishwa kilomita 3.3, watu wa Usoma na ukoo wa Kogony walikuwa bado na madai ya ardhi ya tangu enzi za mkoloni, na uzio ukaja juu ya madai hayo. Niliwahi kukutana na mzee wa Usoma aliyenionyesha kwa fimbo mahali palipokuwa na kaburi la babake. Palikuwa ndani ya uzio. Hakuwa na neno baya hata moja kuhusu ndege.

Katiba yetu, kifungu cha 40, inataka fidia ya haki, kamili, na isiyocheleweshwa ardhi ya mtu inapochukuliwa kwa manufaa ya umma. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kutangaza kwenye gazeti rasmi la serikali, kusikiliza madai na kukadiria malipo. Jeshi halina njia yake ya mkato ya kuchukua shamba la mtu. Tena tahadhari, maana najua watu wa ploti: kanuni za kukadiria fidia hutilia shaka nyumba iliyoinuliwa ndani ya miaka miwili kabla ya tangazo, mpaka mwenyewe athibitishe kwamba hakuwa anavizia malipo. Wanaokushauri ujenge upesi upesi "ili walipe zaidi" wanakupoteza.

Umeuliza kama chuki ni lazima. Si lazima, ila huja yenyewe pale ambapo raia haoni ile karatasi ya makubaliano kati ya kambi na mnara. Kwa hiyo iombeni. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuandikia ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Mambo ya usalama wa taifa yana kinga, na wakikwambia idadi ya ndege za kambi ni siri, wana haki. Lakini saa za kufunga njia ya kurukia kwa ndege za abiria si siri. Nani analipa ukarabati wa lami si siri. Na ulizeni hilo kwa ukali, kwa sababu ndege za dola kwa kawaida hazitozwi ada ya kutua, ilhali gurudumu la ndege nzito ya mizigo linaila lami kuliko ndege ndogo kumi za abiria. Ripoti ya athari kwa mazingira inayopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, si siri pia, na muda wa umma kutoa maoni ukitangazwa msiuache upite mkiwa shambani. Mkiambiwa hapana bila sababu, Ofisi ya Mpatanishi wa Umma hupokea malalamiko ya namna hiyo.

Ombeni vilevile kamati ndogo ya uwanja, kambi na wakaaji, ikutane kila robo mwaka hata kama hakuna la kusema. Mwenye duka, mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na njia ya kurukia, afisa mmoja wa kambi mwenye uwezo wa kuamua, na mtu wa mnara. Si chifu peke yake. Chifu ana mikutano mingi mno. Na kwenye kikao cha kwanza ulizeni kuhusu simu. Mtanicheka, lakini ulizeni.

Nimebakiza vyumba vyako. Karibu na uwanja wa ndege huwezi kujenga kwenda juu unavyotaka. Kutoka mwisho wa njia ya kurukia kuna mteremko wa angani usioonekana kwa macho, na hakuna paa, tangi la maji wala mlingoti unaoruhusiwa kuutoboa. Kibali cha urefu hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, mbali na kile cha kaunti, na wengi hawajui mpaka wanapoletewa barua ya kubomoa. Ukiwa na kambi jirani, kuna na swali la nani anachungulia ndani kutoka dirisha la ghorofa yako, nalo huulizwa. Kwa hiyo tafuta mpima ardhi akupe kimo cha ploti yako kutoka usawa wa bahari, kisha uandikie KCAA ukiambatanisha ramani. Kama ploti iko ubavuni mwa njia, huenda ukapata ghorofa zako zote mbili. Kama iko mwishoni mwake, moja itakuwa bahati.

Wakati unasubiri, chimba msingi wa kubeba nyumba nzima, maliza vyumba vya chini na uweke wapangaji. Dari iwe nzito kidogo kwa ajili ya kelele. Chuma za nguzo ziache zimechomoza juu, zisubiri barua.